Lugha ya Kumfundishia Anayeanza Kuandika Programu: Wajibu wa Idara za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na kompyuta umekwishadumu kwa miongo kadhaa, na kwa sehemu kubwa umekuwa mjadala wa istilahi. Wapo waliopendelea neno kompyuta, wapo waliolitetea neno tarakilishi, na wapo waliolikubali neno ngamizi. Kazi hiyo ya istilahi haikuwa ya bure. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na kwa mara ya kwanza mtumiaji aliweza kuandika barua, kupanga hesabu na kuhifadhi kazi zake kwa kufuata menyu za Kiswahili. Ilidhihirika hapo kwamba Kiswahili kinaweza kumhudumia mtumiaji wa kompyuta.

Hata hivyo, kuitumia programu ni jambo moja na kuiandika ni jambo jingine. Mtumiaji huchagua miongoni mwa mambo ambayo mwingine amekwisha kuyaamua. Mwandishi wa programu ndiye anayeamua. Swali la lugha ipi imfae mtu anayeanza kujifunza misingi ya uandishi wa programu halijajadiliwa kwa kina unaostahili, na pale lilipoguswa limechukuliwa kuwa ni swali la wataalamu wa kompyuta peke yao. Makala haya yanatetea msimamo kwamba misingi hiyo inapaswa kufafanuliwa, kupangwa na kusahihishwa kwa Kiswahili, hata pale ambapo maneno ya amri yanabaki kuwa ya Kiingereza. Na kwamba wajibu wa kuiandaa lugha ya ufafanuzi huo ni wa idara za Kiswahili kwa kadiri ile ile ulivyo wa idara za kompyuta.

2.0 Kinachomshinda anayeanza

Hoja inayosikika mara nyingi ni kwamba lugha za programu zimejengwa kwa maneno ya Kiingereza, na kwa hiyo asiyejua Kiingereza hawezi kuanza. Hoja hii haina nguvu. Lugha ya C, kama ilivyosanifishwa mwaka 1989, ina maneno maalumu 32. Lugha ya Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991 na inayotumika sana kuwafundishia wanaoanza, ina maneno 35 katika matoleo yake ya sasa. Maneno 35 ni machache kuliko yale ambayo mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza hukaririshwa katika majuma yake ya mwanzo. Kama ugumu ungekuwa katika maneno hayo tu, ungekwisha kwa siku chache.

Ugumu wenyewe uko mahali pengine. Roy Pea (1986) alionyesha kwamba wanafunzi wanaoanza hufanya makosa yasiyotegemea lugha ya programu wanayoitumia, na kwamba chanzo cha mengi ya makosa hayo ni dhana moja: wanadhani kuwa ndani ya mashine mna akili iliyojificha, inayoweza kufahamu kusudi la mwandishi. Katika mwaka huo huo Benedict du Boulay alieleza kwamba mwanafunzi anahitaji picha sahihi ya mashine akilini mwake: inashika nini, inafuata hatua gani, na nini hasa kinabadilika kila hatua inapotekelezwa.

Msomaji wa Kiswahili ataitambua shida hii mara moja, kwani mazungumzo ya Waswahili yanategemea sana msikilizaji mwenye kukamilisha yasiyosemwa. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, na tena kwamba akufukuzaye hakwambii toka. Kompyuta haina macho hayo. Ni lazima iambiwe itazame, itazame wapi, itazame mara ngapi, na ifanye nini ikiwa haikuona kitu. Kujifunza kuandika programu ni kujifunza kumwambia kila kitu msikilizaji asiyefahamu fumbo. Basi ikiwa shida ya mwanafunzi ni ya kusema kwa ukamilifu kile alichozoea kukiacha kikadiriwe, ni vipi atajifunza kukisema katika lugha ambayo hata yale mazoea yenyewe hana?

3.0 Nyenzo zilizomo katika Kiswahili

3.1 Dhamira tegemezi na alama ya usawa

Kikwazo cha kwanza kwa wengi ni alama ya usawa. Katika hisabati, mwanafunzi amefundishwa kuwa alama hiyo inatoa taarifa: upande wa kushoto na upande wa kulia ni kitu kimoja. Katika lugha nyingi za programu alama hiyo hiyo inatoa amri. Ulinganishe mfano (1a), ambao kwa mwanahisabati ni uongo mtupu, na (1b).

(1) a. n = n + 1
    b. n iwe n + 1

Kiswahili kinatofautisha "n ni" na "n iwe" kwa umbo la kitenzi lenyewe. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuchanganya "mlango ni wazi" na "mlango uwe wazi": ya kwanza ni habari, ya pili ni agizo. Mwalimu anayesoma alama hiyo kama "iwe" ameondoa utata kwa silabi mbili. Mwalimu anayeisoma "sawa na", kwa kufuata mazoea ya somo la hisabati, ameuleta mwenyewe utata ambao lugha yake haikuwa nao.

3.2 Upatanisho na aina za data

Nyenzo ya pili ni upatanisho wa ngeli. Wanaoanza hutatizwa na ukweli kwamba tarakimu 5 na herufi "5" ni vitu viwili, na kwamba kujumlisha namba na neno ni kosa katika lugha kama Python. Msemaji wa Kiswahili amezoea tangu utotoni kwamba kila nomino ina kundi lake, na kwamba kundi hilo ndilo linaloamua viambishi vinavyoruhusiwa kuandamana nayo. Asemaye "kitabu mzuri" hueleweka, lakini kila asikiaye hujua kuna kilichovunjika. Mlinganisho huu una mipaka yake, kwa kuwa ngeli si aina za data. Lakini wazo kwamba uhalali wa muungano unategemea kundi la kitu ni wazo ambalo mwanafunzi analo tayari.

3.3 Mahali ambapo Kiswahili kinaweza kupotosha

Isidhaniwe kwamba kila umbo la Kiswahili ni msaada. Kiambishi -ki- hubeba maana ya sharti na maana ya wakati kwa pamoja. "Mvua ikinyesha, ingia ndani" inaweza kueleweka kuwa ni sharti la kupimwa mara moja, au desturi ya kufuatwa kila mara mvua inaponyesha. Mashine haikubali utata huo: kuna amri ya kupima mara moja, na kuna amri ya kurudia maadamu sharti linatimia. Kwa hiyo inafaa anayeanza azoeshwe kutumia "ikiwa" kwa amri ya kwanza na "maadamu" kwa ya pili, na aepushwe na -ki- hadi atakapoimudu tofauti hiyo. Kadhalika "au" ya mazungumzo mara nyingi humaanisha kimoja tu kati ya viwili, ilhali "au" ya mantiki hukubali vyote viwili. Mambo haya yanajulikana vyema kwa wanaisimu wa Kiswahili, lakini hayajulikani kwa mwalimu wa kompyuta aliyesoma kwa Kiingereza kitupu. Hapo ndipo ushirikiano unapohitajika.

4.0 Mifano miwili ya mazoezi

4.1 Saa ya Kiswahili

Vitabu vingi vya wanaoanza hutumia mifano ya kubadili vipimo vya joto kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, jambo ambalo mwanafunzi wa Tanga au Lamu halihitaji katika maisha yake. Mfano ulio karibu naye zaidi ni saa. Anayesema saa moja asubuhi huiona 7 kwenye uso wa saa, na ubadilishaji huo hufanywa na mamilioni ya watu kila siku pasipo kufikiri. Ukitakiwa kuandikwa, unaweza kuwa hivi:

(2) a. Soma n.
    b. n iwe n + 6.
    c. Ikiwa n imezidi 12, n iwe n − 12.
    d. Andika n.

Saa 1 inatoa 7. Saa 6 inatoa 12. Saa 7 inatoa kwanza 13 na kisha 1. Saa 12 inatoa 18 na kisha 6. Sasa tuseme mwanafunzi ameandika "ikiwa n imefika 12" badala ya "imezidi 12". Karibu majibu yote yatabaki kuwa sahihi, ila saa sita ya mchana itageuka kuwa 0. Kosa hili la mpakani, ambalo huwasumbua hata waandishi wazoefu, limefichuka hapa kwa tofauti ya vitenzi viwili vya kawaida, kufika na kuzidi. Mwanafunzi hatalisahau, kwa kuwa anajua bila kuambiwa na mtu kwamba hakuna saa sifuri. Anajua jibu sahihi kabla ya mashine. Na mwenye kujua jibu sahihi ndiye awezaye kuikosoa mashine.

4.2 Hesabu ya mizani

Mfano wa pili unawahusu wanafunzi wa fasihi. Kuhesabu mizani ya mshororo ni kazi ya marudio yenye sharti, na kila silabi ya Kiswahili, isipokuwa ile ya nazali inayosimama peke yake, ina irabu moja. Jaribio la kwanza litakuwa hili:

(3) a. Idadi iwe 0.
    b. Kwa kila herufi ya mshororo: ikiwa herufi hiyo ni irabu, idadi iwe idadi + 1.
    c. Andika idadi.

Kwa "kaka analia" programu itatoa 6, na ni sahihi. Kwa "mtoto analia" itatoa tena 6, ilhali mizani ni 7, kwa sababu m ya "mtoto" ni silabi. Mwanafunzi ataongeza kanuni: m iliyofuatwa na konsonanti ihesabiwe. Hapo "mbuzi" itapewa mizani tatu badala ya mbili. Ataongeza kanuni nyingine: m iliyofuatwa na b isihesabiwe. Ndipo atakapokutana na jozi hii:

(4) a. mtu mbaya
    b. nyumba mbaya

Kwa matamshi ya kawaida, "mbaya" katika (4a) ina silabi tatu, kwa kuwa m ni kiambishi cha ngeli ya kwanza. Katika (4b) ina mbili, kwa kuwa nazali imeungana na b. Herufi ni zile zile, mizani ni tofauti. Hakuna kanuni ya herufi pekee itakayoutatua mfano huu. Programu italazimika kujua ngeli ya nomino inayotangulia.

Faida ya zoezi hili ni mbili. Anayeanza amejifunza, kwa hatua zinazofuatana, kigeu ni nini, marudio ni nini, sharti ni nini, na kwa nini programu iliyofaulu katika mfano mmoja haijathibitika. Mwanaisimu naye amelazimika kuyasema waziwazi maarifa aliyokuwa akiyatumia kimyakimya. Sarufi nyingi huridhika na kusema kwamba nazali "wakati mwingine" huwa silabi. Mashine haiujui "wakati mwingine".

5.0 Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni la soko la kazi: mwajiri atataka Kiingereza, na miongozo, maktaba za programu na ujumbe wa makosa vimeandikwa kwa Kiingereza. Hili ni kweli, na makala haya hayapendekezi vinginevyo. Mwanafunzi atapaswa kuusoma ujumbe wa kosa kwa Kiingereza. Lakini kuusoma si kuufahamu. Aliyekwisha kufafanuliwa kwa Kiswahili kuwa kuna kosa la sintaksia na kosa la mantiki, na kwamba la kwanza mashine huligundua ilhali la pili ni mtu tu anayeweza kuligundua, atauelewa ujumbe huo hata kwa Kiingereza haba. Aliyekariri ujumbe pasipo dhana hana pa kuanzia.

Pingamizi la pili ni kwamba jambo lenyewe halijapata kufanyika. Si hivyo. Mwaka 1985 Urusi ya Kisovieti iliingiza somo la informatiki katika shule zote za sekondari, na kitabu cha mwanzo kilichoandaliwa chini ya Andrei Ershov kilitumia lugha ya algorithimu yenye maneno ya Kirusi. Shule nyingi hazikuwa na kompyuta. Wanafunzi waliandika hatua zao daftarini na kuzifuatilia kwa kalamu. Lugha hiyo haikukusudiwa kwa viwanda, ilikusudiwa kwa kufikiri. Kwa shule za Afrika Mashariki zenye uhaba wa mashine na umeme, mfano huo una funzo la pekee. Katika miaka ya karibuni, lugha ya Scratch, iliyotolewa mwaka 2007, imekuwa na tafsiri katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Dasgupta na Hill (2017), waliochunguza data za watumiaji wa Scratch wa nchi tano, waliona kwamba waliotumia lugha kuu ya nchi yao walianza kuzitumia dhana mpya kwa kasi zaidi kuliko wenzao wa nchi hizo hizo waliotumia Kiingereza. Utafiti huo haukuwa wa Afrika Mashariki, na haifai kuutwika zaidi ya uwezo wake. Hata hivyo unamtaka apingaye atoe ushahidi wake naye.

Pingamizi la tatu ni jipya. Inasemwa kwamba siku hizi programu za akili unde huandika msimbo zenyewe pindi zinapoombwa, na kwa hiyo kujifunza misingi kumepitwa na wakati. Hoja hii inageuka dhidi ya wenye kuitoa. Anayeomba msimbo pasipo kujua tofauti ya kufika na kuzidi hataona kwamba saa sita imegeuka sifuri. Kadiri mashine inavyoandika zaidi, ndivyo thamani ya mtu inavyohamia katika kusema kwa usahihi anachokitaka na kupima alichopewa. Stadi hizo mbili ni za lugha.

6.0 Wajibu wa idara za Kiswahili

Historia ya sera inatoa onyo. Nchini Tanzania Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967. Tume ya Makwetta ya mwaka 1982 ilipendekeza kianze kutumika sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kuwa kitatumika katika ngazi zote, lakini sekondari za serikali zimeendelea kufundisha kwa Kiingereza. Anayesubiri sera ndipo aandae maarifa atasubiri sana. Yapo mambo manne yanayoweza kufanywa bila kungoja tamko la yeyote.

Kwanza, shahada za uzamili za Kiswahili zitoe kozi fupi ya uandishi wa programu, ambamo data ni za Kiswahili: mizani, viambishi, marudio ya maneno katika matini. Pili, ziandaliwe ziada za vitabu, zenye kufafanua kwa Kiswahili ujumbe wa makosa ambao anayeanza hukutana nao zaidi. Ujumbe huo si mwingi, na unajirudia. Tatu, istilahi zijaribiwe kwa wanafunzi kabla hazijasanifishwa. Neno "kitanzi", kwa mfano, limependekezwa kwa dhana ya marudio kwa kufuata picha ya Kiingereza. Lakini kwa Mswahili kitanzi ni cha kutegea au cha kunyongea, na akiingiaye hatarajiwi kutoka, ilhali marudio mema ni yale yenye mwisho. Huenda "marudio" likatosha. Baraza la Kiswahili la Taifa na Baraza la Kiswahili la Zanzibar yatafanya kazi bora zaidi yakiletewa maneno yaliyokwisha kupimwa darasani kuliko orodha zilizobuniwa mezani. Nne, mwanafunzi wa kompyuta aruhusiwe kueleza mpango wa programu yake kwa Kiswahili kabla ya kuuandika, hata kama mtihani wenyewe ni wa Kiingereza. Mwalimu ataona papo hapo kama aliyekosea amekosa mantiki au amekosa lugha. Kwa utaratibu wa sasa makosa hayo mawili hupewa alama moja, na wapo wanaohesabiwa kuwa hawana akili ya kompyuta ambao kosa lao ni la sarufi ya kigeni.

7.0 Hitimisho

Neno algorithimu limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, na sifuri ambayo mashine zote huitegemea iliingia katika Kiswahili kwa jina lake la Kiarabu kabla ya shule yoyote ya kikoloni kujengwa katika pwani hii. Dhana za fani hii zimekwisha kupita katika lugha nyingi, na kila lugha iliyozipokea ilizipokea kwa sababu wenyewe walikaa wakazifafanua. Kiswahili kina dhamira ya kuagizia, kina ngeli za kupangia, kina vitenzi vya kutofautisha mpaka na kilichouvuka mpaka. Kilichopungua ni walimu wa lugha walio tayari kuingia katika darasa la kompyuta, na walimu wa kompyuta walio tayari kuwakaribisha. Mwanafunzi anayeketi leo mbele ya mstari wake wa kwanza wa programu, akidhani kwamba hana akili ya kuuelewa, ndiye anayelipa gharama ya kuchelewa huko.